Vidole vya Mama Kwenye Maziwa

Kaka yangu mpendwa,

Hatujambo, na ng'ombe hawajambo.

Barua yako ya mwaka jana, ya kututaka tupandishe zizi zima mbegu ya Friziani, ilimchekesha sana Mama. "Friziani anatoa lita ishirini, sawa," alisema, "lakini anakula kama jeshi! Jezi wangu anatoa kumi na mbili, na krimu yake inasimamisha kijiko."

Basi Friziani wetu mkubwa akampandishia mbegu ya Jezi. Juzi kazaa ndama mdogo, katoka bila kuvutwa hata kidogo. Mpandishaji, yule mtaalamu wa mbegu aliyetubishia kwamba Jezi haifai, amenyoosha mikono.

Jana niliweka ndoo mbili mezani. Mama akachovya kidole, akasugua, akaonja. "Hii ya Friziani, hii ya Jezi." Hakukosea. Nikamtania: si ungetazama tu rangi, maana maziwa ya Jezi yana umanjano? Akapapasa meza kutafuta kitambaa cha kufutia kidole.

Hapo nikakumbuka ile picha ya dume uliyotutumia. Mama aliishika kichwa chini miguu juu, akausifu mgongo.

Kaka, Mama haoni. Nilipombana alikiri: tangu mvua za mwaka jana, na daktari alishamwambia macho hayo hayatarudi. Muda wote huo amekamua, amechagua mbegu, amezalisha, na mimi niliye naye nyumba moja sikujua. Kanikataza kukuandikia.

Njoo. Ukifika usipige hodi, ingia tu zizini. Mama anamjua kila ng'ombe kwa hatua zake. Nataka umsikie akikutaja jina kwa hatua zako.

Mdogo wako,
mbeba ndoo