Kiatu Kilicholika Ncha

Dada yangu mpendwa,

Pokea salamu zetu wewe, shemeji na watoto, na ziwakute wazima, mkigombana kwa mambo madogo tu. Huku tupo. Mama kifua kinambana asubuhi, lakini ulimi wake hauna ugonjwa. Juzi alimsema muuza mkaa mpaka majirani wakafungua madirisha wasikose neno. Mume wangu anakusalimu sana. Barua yako ilifika, nami niliwasomea wote baada ya chakula. Pale ulipoandika kwamba siku hizi kandambili inakuvuka njiani bila wewe kujua, ukafika sokoni mguu mmoja mtupu, Mama alicheka mpaka akashika ubavu. Mdogo wetu Kitinda naye alicheka, kisha akainuka ghafla akatoka nje.

Ningekupigia simu, ila simu yako hushikwa na nyumba nzima, na anayeongea huku husikika mpaka uani kwenu. Haya si maneno ya uani. Tafadhali isome ukiwa peke yako, tena umekaa. Kitinda anakuja kwako Jumamosi kwa pikipiki yake mpya, na barua hii nitampa kondakta wa basi mkononi ili ikutangulie. Tangu aniambie safari hii sina raha. Nikisikia mlio wowote barabarani najikuta nimesimamisha cherehani.

Nianze mwanzo. Unamjua kitindamimba wetu na ile pikipiki yake ya zamani, ndefu na nyembamba kama mbuzi wa kiangazi. Mtaa mzima ulimwita Nzi kwa ajili ya mlio wake, naye alijibu jina hilo kwa fahari. Alikuwa akiapa kwamba hataiuza hadi afe. Basi mwaka huu, bila kumshauri mtu, aliiuza, akaongeza akiba yake yote ya kiwandani, akarudi na dude kubwa jeusi, la kukaa umelegea, usukani mpana, miguu imenyooshwa mbele kama mtu aliyeko barazani. Mama alilizunguka akasema hiyo si pikipiki, ni ng'ombe aliyelala, akauliza linakamuliwa wapi. Tulicheka. Siku mbili hazikupita mtaa ukaacha kumwita Nzi, ukamwita Ngurumo.

Mwanzoni niliona ni ujana unaokataa kuondoka. Mwanaume akikaribia miaka arobaini, ama anaoa mke wa pili ama ananunua chuma, na mimi nilishukuru kuwa ni chuma. Halafu yakaanza marekebisho. Unajua karakana yangu inapakana na ya yule mchomeleaji tunayemwita Cheche, kwa hiyo kila kilichofanywa kilifanywa mbele ya macho yangu. Kwanza Kitinda alitaka ishushwe, mpaka akikaa nyayo zote zilale chini. Kisha akataka vile vyuma vya kukanyagia viondolewe, viwekwe vibao vipana vya kuweka mguu mzima. Kisha akataka gia ya kisigino. Hapo Cheche aliweka miwani yake juu ya paji la uso akamuuliza kama anataka kuanza kubeba magunia ya viazi, maana gia za kisigino ni za wabeba mizigo, na mtu wa pikipiki ya starehe hunyanyua gia kwa ncha ya kiatu kama bwana. Kitinda alimjibu kwamba kiatu chake ni cha gharama, hataki kichubuke. Kila mtu alicheka, na Cheche akachomelea.

Mimi sikucheka sana. Nilijiambia kuwa ni wivu, kwa sababu mimi nimeshona viti vya pikipiki za watu miaka yote hii na yangu sina. Lakini kitu kilikuwa kinanikereketa na sikukijua ni nini.

Nilikijua siku ya kiti. Mimi kiti sishoni kwa kukisia, Dada. Naweka sponji tupu juu ya bati lake, natandika kitambaa cheusi kilichonyunyizwa unga wa chaki, namwambia mteja apande akae kama anavyokaa barabarani, azungushe usukani, abadilishe gia, kisha ashuke. Chaki haina adabu. Inaonyesha nani anakaa kwa woga, nani ana nyonga moja mbovu, nani amenidanganya kuhusu uzito wake. Alama ya Kitinda ilikuwa yote upande wa kulia. Upande wa kushoto unga ulikuwa karibu vilevile nilivyounyunyiza, kama aliyekaa pale ana nusu ya mwili. Nikamwambia apande tena akae sawasawa. Safari hii nilimtazama yeye badala ya chaki, nikamwona akishika suruali yake gotini, akaunyanyua mguu wa kushoto kwa mkono, akauweka juu ya kibao kama anavyowekwa mtoto kitini.

Nikainama kana kwamba naokota sindano. Kiatu chake cha kushoto, hicho cha gharama, soli yake ilikuwa nzima kisiginoni na imelika kabisa kwenye ncha, mpaka ngozi ya ndani inaonekana. Dada, wewe ndiye mkubwa wetu, wewe ndiye uliyekuwa ukipeleka viatu vya Baba kwa fundi. Unakumbuka fundi alivyokuwa akimtania kuwa anapiga mawe kama mpira? Nilibaki pale chini kwa muda, nikiogopa kunyanyua uso.

Nilifunga mlango wa karakana nikamuuliza. Alikana, akanikasirikia, akaniambia nishone kiti niachane na miguu ya watu. Kisha akakaa juu ya marobota ya sponji, akaeleza. Alisema mambo yalianza kwa ganzi. Vidole vya mguu wa kushoto havinyanyuki. Akitembea lazima ainue goti juu kama anayevuka dimbwi, la sivyo ncha inakwaruza chini na kumwangusha. Ndiyo maana aliiuza Nzi, kwa kuwa gia yake ilikuwa ya kunyanyua kwa vidole, na siku moja gia ilikataa kupanda akiwa mbele ya lori. Hilo dude jeusi hakulinunua kwa fahari, alilinunua kwa sababu linaweza kurekebishwa lifanane na mguu wake, na watu wakaona ni mtindo. Alisema haya akitabasamu, na lile tabasamu liliniumiza kuliko kama angelia.

Amekwenda kwa daktari wa mishipa ya fahamu. Walimchoma sindano za umeme miguuni na mikononi, na daktari akamwambia ni ugonjwa wa ukoo. Hutembea katika damu. Mzazi akiwa nao, kila mtoto anaweza kuupata au kuukosa. Unaanzia miguuni, polepole, na baadaye hupanda mikononi. Dawa ya kuuondoa haipo, ila kuna mazoezi, na kuna kifaa cha kuvaa ndani ya kiatu kinachoshikilia unyayo usining'inie. Daktari akamuuliza kama kuna mtu mwingine nyumbani aliyekuwa akitembea hivyo. Kitinda alijibu hapana.

Nilipomuuliza kwa nini alidanganya, alisema kiwandani wakijua watamwondoa kwenye kazi yake ya umeme ya kupanda ngazi, na kifaa hatakivaa kwa kuwa hataki mtaa umtazame kama walivyomtazama Baba. Dada, niandike wazi: Baba hakuwa amelewa. Ile asubuhi ya kifo chake, gari lake la mikate lilipoingia ndani ya ukuta wa duka, mguu wake ulinasa chini ya breki, haukunyanyuka kutoka kwenye mafuta. Unakumbuka kile kipande cha tairi alichopigilia kwenye pedali, akatuambia ni cha kuzuia kuteleza? Baba naye alikuwa akirekebisha gari lake, na sisi tukila mikate yake bila kuuliza. Tukamzika na jina la mlevi, yeye ambaye pombe ilimpa kichefuchefu. Mama bado hupita njia ya mbali asilione duka lile. Sijamwambia. Nimejaribu kuanza kumwambia tukichambua mboga, nikaishia kuuliza bei ya mchicha.

Nilimsihi Kitinda aache kuendesha. Nilimsihi kwa jina la Mama, kwa jina la Baba, na mwisho nikamtukana, wala sijutii. Akasema ana safari moja tu ya maana iliyobaki, baada ya hapo atalifikiria shauri langu. Safari yenyewe ni ya kuja kwako. Mama anakulilia tangu ulipoolewa mbali, na kila mwaka nauli inakosekana kwa sababu mpya. Sasa yeye atakuja akuchukue akulete nyumbani, uketi nyuma yake kama malkia. Akaniagiza nishone kiti cha nyuma, kipana, chenye mgongo wa kuegemea. Alitaja vipimo vyako kwa heshima, akatanua mikono hivi, nami nikacheka huku machozi yananitoka. Nilikishona, Dada. Ni kiti kizuri kuliko vyote nilivyowahi kushona. Ngozi nyekundu iliyokolea, pindo la mshono maradufu. Nakuomba usikikalie.

Sasa nifike kwenye jambo linaloninyima usingizi. Aliniomba pia mkanda wa ngozi wa kuufunga mguu wake wa kushoto kwenye kibao, kwa kuwa barabara ikiwa na mashimo mguu unaruka na kuburuzwa. Nilikataa. Akasema basi ataufunga kwa waya, na nilijua kwamba atafanya hivyo. Nikashona mkanda. Lakini niliwaza ng'ombe yule akianguka ubavu wa kushoto na mdogo wangu amefungwa chini yake kama mbuzi wa kuchinjwa, na mkono wangu ukaacha uzi wa nailoni ninaoshonea viti, ukachukua uzi wa pamba, ule wa kushonea nguo za watoto. Kwa macho haujulikani, nimeupaka nta. Ukipata mvutano mkubwa, utakatika. Niliona nimemwokoa. Alipoondoka nao ndipo liliponijia swali lingine: je, ukikatika akiwa katika mwendo, kwenye kona, mguu ukaanguka chini kabla hajajua? Miaka yote ya kazi yangu sijawahi kushona kitu nikitamani kikatike, na sasa sijui kama nilichoshona ni wokovu au kifo. Ningemwambia, angefunga waya. Nisipomwambia, anaamini mkono wangu. Nimekaa katikati kama sindano katika sponji.

Jana alikuja kuaga mapema kabla ya safari, akiwa amevaa viatu vipya ili nisione ncha. Ila vile vya zamani alikuwa amevitupa kwenye pipa la mabaki la Cheche, na mimi, mwanamke mzima, nikaenda kuvichokoa. Cha kushoto nilikitarajia. Cha kulia nacho ncha yake imeanza kung'aa kwa kuburuzwa chini. Huo ndio mguu wa breki, Dada.

Kwa hiyo nakuomba hivi. Akifika, mpokee vizuri, mlishe, msifie pikipiki yake. Usimwonyeshe barua. Akilala, chukua ufunguo umpe shemeji aufiche mahali ambapo hata wewe hupajui, kisha asubuhi umwambie yote, kuhusu Baba na kuhusu uzi wangu. Mimi ameshanizoea, ananiona kama kelele ya cherehani. Wewe ulimbeba mgongoni. Akikasirika na akasirike, aliyekasirika yu hai. Mrudi wote kwa basi, nauli nitaitafuta mimi. Na kama Jumamosi itapita hajafika, usisubiri jioni. Mwambie shemeji aifuate barabara.

Nami nimejipima. Kila asubuhi kabla ya kufungua karakana nasimama nimeegemea mlango, nanyanyua vidole vya miguu yote miwili, natembea kwa visigino mpaka kwenye mashine. Hadi leo vinanyanyuka. Sikutegemea kwamba mtu anaweza kuuonea aibu uzima wake.

Nisalimie shemeji, mwambie namtegemea kwa ufunguo. Watoto waambie mama yao mdogo anawapenda na mikoba yao ya shule iko mbioni. Mama anasema ule, usikonde.

Dada, ile habari ya kandambili nilichelewa kuielewa. Kitinda aliielewa siku ileile, ndiyo maana alitoka nje. Nilimkuta amesimama gizani, na niliyemdhania amechoka kwa kicheko alikuwa analia. Barua hii ukishaikunja, vua viatu. Egemea ukuta, simama kwa visigino, nyanyua vidole, uniandikie ulichokiona bila kunificha. Kisha waite watoto, uwaambie ni mchezo, nao wasimame ukutani mmoja mmoja.

Mdogo wako akupendaye,
Fundi wa viti