Bosi kaweka alama kwenye maji yake

Mwenzangu shika simu! Nimejifungia stoo ya maabara, sijui nicheke au nilie.

Unakumbuka bosi, profesa wetu, alivyonikataza kugusa sampuli zangu mwenyewe? "Kuweka alama si kazi ya kitoto, niachie mimi." Nikamwachia abandike zile alama za kemikali zinazoonyesha protini ipi imetoka kwenye damu ya nani. Damu ya wagonjwa wangu wote na ya wazima wa kulinganisha nao, niliyoihangaikia mwaka mzima.

Leo majibu ya mashine yametoka. Protini zimejaa tele, hakuna hata moja yenye alama. Sasa nitajuaje ipi ya mgonjwa, ipi ya mzima?

Bosi akaanza: eti mashine mbovu. Mara alama zimeharibika. Mara akanigeukia mimi, mbele ya watu wote: "Binti, uliziosha vizuri?"

ULIZIOSHA! Mimi niliyekatazwa kugusa!

Nikamuuliza kwa adabu zangu zote, "Mzee, protini uliziyeyusha kwenye nini?"

Akajibu kwa madaha, "Bafa ya Tris, kama kawaida."

TRIS, mwenzangu! Alama zile zinadaka kemikali yoyote ya aina ya amini, iwe ya protini au ya maji ya kuyeyushia, na Tris yenyewe ni amini! Kwa hiyo profesa wetu kayawekea alama maji yake. Kwa ustadi mkubwa kabisa, hongera zake.

Akakohoa, akasema, "Haya, tumejifunza kitu."

Tumejifunza. Sisi.

Damu imeisha, halijabaki hata tone.

Na sasa hivi kaniandikia: nimwandalie slaidi za semina ya wanafunzi wapya, "Makosa ya Kuepuka Unapoweka Alama". Mtoa mada ni yeye.