Viti Mia Moja na Turubai Jeusi

Jumatatu, 3 Machi

Naandika kwenye daftari la oda kwa sababu ndilo lililo karibu. Juu ya ukurasa huu kuna oda ya harusi – viti mia mbili, turubai jeupe. Chini yake naandika: nina saratani. Titi la kushoto. Basi, nimeshaandika.

Daktari alisema taratibu, macho kwenye kalamu yake. Mume wangu akamwomba arudie ili anukuu. Miaka thelathini na mbili karani wa masjala, kastaafu mwaka juzi, mpaka leo mtaa mzima unamwita Karani na mpaka leo anatembea na kalamu mbili. Akaipokea ripoti, akaigeuza mbele na nyuma, akasema haina mhuri. Daktari akadhani anatania. Hatanii. Kwa Karani, karatasi isiyo na mhuri ni uvumi tu. Tukakaa pale mpaka nesi akautafuta mhuri, akapiga. Paa! Ndipo nikawa mgonjwa rasmi.

Upasuaji Jumanne tarehe 25. Malipo ya awali yawe yameingia Jumatatu tarehe 24 asubuhi, la sivyo nafasi anapewa mwingine na mimi nasubiri mpaka mwezi wa sita. Daktari kasema uvimbe huu si wa kusubiri mwezi wa sita. Akataja bei. Mimi hesabu nazifanya kwa viti, ndivyo nilivyozoea na kazi yangu hii ya kukodisha. Nikabadilisha kichwani: viti mia tano. Ninavyo mia tatu.

Njia nzima ya kurudi hakunishika mkono. Alishika bahasha.

Jumanne, 4 Machi

Kafungua jalada. La rangi ya waridi, eti aliona inafaa. Jina la jalada: Suala la Upande wa Kushoto. Na namba ya kumbukumbu juu. Nikamuuliza mbona hakuandika saratani. Kasema jina la jalada halipaswi kuwatisha wasomaji. Wasomaji gani? Msomaji ni yeye peke yake.

Sijala leo.

Alhamisi, 6 Machi

Kikao cha familia, saa kumi jioni, sebuleni kwangu. Wifi yangu, dada yake Karani, mwenyekiti. Shemeji, mdogo wao, mweka hazina, kwa kuwa anauza vipuri vya pikipiki na ana kikokotoo. Karani katibu, nani mwingine. Nikaingia na chai, nikavuta kiti. Wifi akakohoa. Karani akasema, macho kwenye karatasi, kwamba mhusika haruhusiwi kukaa kwenye kikao kinachomjadili. Mgongano wa maslahi.

Nikamtazama mtu niliyemzalia watoto watatu. Nikamwambia titi ni langu. Akasema hilo litaingia kwenye muhtasari.

Basi nikakaa jikoni, mlango wazi, nikisikiliza. Ajenda ya tatu: je, lazima litolewe lote? Wakapiga kura. Wawili walisema lote, Shemeji hakupiga. Badala yake akauliza, kwa kuwa ni moja tu na si mawili, hospitali haiwezi kupunguza bei? Karani akaagizwa aandike barua. Kwenye Mengineyo, Wifi akalia. Analia vizuri wifi yangu, hulia hata kwenye mahafali.

Walikuwa wamekalia viti vyangu vya plastiki. Walipoondoka nikamwandikia mwenyekiti bili ya viti vitatu, nusu siku. Karani kaiweka kwenye jalada.

Jumapili, 9 Machi

Vimeuzwa. Mia mbili vyeupe, pamoja na turubai la harusi, lile la vitambaa vya dhahabu pembeni. Mnunuzi ni mshindani wangu wa mtaa wa pili, tunamwita Kamba kwa sababu hafungi turubai bila kutukana kamba. Huyu huyu aliyekuwa akiwaambia wateja kwamba viti vyangu vina miguu dhaifu. Leo alivigonga kimoja kimoja na kusema ni imara. Mnafiki. Lakini alilipa papo hapo, na hakubembeleza bei.

Wakati wa kupakia niliziona namba zangu chini ya kila kiti, nilizoandika mwenyewe kwa rangi ya kucha. Nilianza na viti kumi, miaka kumi na tisa iliyopita. Namba moja mpaka kumi zimeondoka leo. Nikalia. Kwa ajili ya titi bado sijalia, nimelilia plastiki. Sijui nina akili gani.

Nimebaki na viti mia moja vya bluu na turubai jeusi la misiba. Lina kiraka. Kamba hakulitaka.

Jumatano, 12 Machi

Vipimo vya ziada. Kila mlango una dirisha lake la malipo. Vimekula viti arobaini na sikuwa nimetoka hata jengo la kwanza.

Kitindamimba wetu, binti aliye mwaka wa pili chuoni, kafika na mizigo yake yote. Kasema ada yake ya muhula huu iingie kwenye matibabu, yeye atasubiri mwakani. Nilimfokea mpaka jirani akazima redio ili asikie vizuri. Baadaye nikamkuta stoo, kakaa katikati ya viti vya bluu, analia kimya kimya. Nikavuta kiti nikakaa naye. Sikumkatalia tena, kwa sababu ada yenyewe tunaihitaji. Karani ameshaipokea na kuipa namba.

Jioni nikamwambia Karani: sema hilo neno. Mara moja tu. Mkeo ana nini? Akasema suala hilo linashughulikiwa. Nikamwambia mimi si barua. Akatoka, eti anakwenda kutoa nakala.

Jumamosi, 15 Machi

Karani kaenda kunyoa. Nikafungua jalada kutafuta majibu ya damu. Nyuma kabisa, ukurasa wa 31, nikakuta barua ya mwandiko wake, haina jina la mpokeaji. Naiandika hapa ilivyo, isije ikapotea.

Yahusu: Ombi la Kuongezewa Muda. Kichwa cha habari hapo juu chahusika. Mimi mwombaji nimeishi na mhusika kwa miaka ishirini na saba, na katika kipindi hicho chote sijawahi kuomba likizo wala uhamisho. Naomba mhusika aongezewe muda usiopungua miaka ishirini. Sababu: sijajiandaa. Sijui chumvi inakaa wapi. Natanguliza shukrani.

Katia saini. Kapiga na mhuri wa ofisi, ambao alipaswa kuurudisha siku aliyostaafu.

Nilisoma mara tatu. Nikacheka mpaka nikalia, nikalia mpaka nikashika ukuta. Kumbe mtu huyu ninayemwona hana moyo anao, kauficha masjala. Nikairudisha pale pale, ukurasa wa 31. Alipoingia, kichwa kinang'aa, nikamwambia chumvi inakaa kwenye kopo la kahawa, rafu ya chini. Akasema sawa. Hakuuliza kwa nini namwambia. Ila alikaa jikoni muda mrefu.

Jumanne, 18 Machi

Kikao tena. Upungufu: viti mia na themanini. Wameamua kufanya mkutano wa kunichangia, Jumamosi, uwanja wetu wa mbele. Kadi mia moja na ishirini. Turubai ni letu, viti ni vyetu, gharama hakuna. Shemeji akajipigia makofi.

Nikasema kutoka jikoni: turubai lililobaki ni la msiba. Watu wakiliona limefungwa kwa mgonjwa, watafikiri nini? Wifi akasema mgonjwa asijichoshe. Nikawaambia miaka kumi na tisa nafunga maturubai, watu hawasomi kadi, wanasoma turubai. Karani akaandika: hoja imepokelewa kutoka jikoni. Wakaendelea.

Ijumaa, 21 Machi

Waliopewa kadi wametoa ahadi. Ahadi tele, mpaka zimejaza kurasa mbili. Pesa mkononi: viti kumi na tano.

Turubai limefungwa. Jeusi ti.

Jumamosi, 22 Machi

Saa tatu. Karani katoka tangu asubuhi kwenda hospitali kufuata jibu la ile barua ya punguzo. Kasema hawezi kusimama mbele ya watu bila hati. Nimevaa gauni la kijani. Viti vimepangwa, nimevikagua mwenyewe, kiti namba 214 nimekirudisha stoo kwa sababu kinabana.

Saa nne. Si nilisema! Nimefungiwa chumbani, ndiyo maana naandika.

Muuza mkaa wa pale kona ndiye aliyeanza. Alikuwa anapita na gunia, akaona turubai, akatua gunia, akajitupia mtandio kichwani na kuja mbio kumkumbatia Wifi huku analia. Na Wifi, mtu wa kulia, akadakia bila kuuliza. Walipolia wawili ikawa imethibitishwa. Ndani ya nusu saa mtaa mzima umekaa chini ya turubai, wameshika tama.

Nilitaka kutoka niwatulize. Shemeji akaniwahi, akafunga mlango kwa mgongo. Akasema: shemeji yangu, nakuomba, usitoke. Nikamuuliza kwa nini nisitoke kwenye mkutano wangu. Akanong'ona kwamba kapu linajaa. Leo hakuna ahadi, wote wanatoa taslimu. Jasho linamtiririka, nusu aibu nusu furaha. Zimebaki pesa za viti mia tu, nimpe saa moja.

Nikiwa mgonjwa wananipa ahadi. Nikiwa marehemu wananipa taslimu. Nilitaka kukasirika, lakini nikajikuta namuuliza muuza nyama katoa kiasi gani.

Saa tano. Niko kitandani na binti, pazia limefungwa, tunasikiliza sifa zangu. Muuza mkaa kashika kipaza sauti: eti sikuwahi kumtoza faini ya kuchelewesha viti. Mwongo, nimemtoza mara mbili. Kamba kasema hapa mjini hapajawahi kuwa na viti imara kama vya marehemu. Hilo ningependa aliandike na lipigwe mhuri. Binti akaanza kutetemeka. Nikadhani analia, kumbe anacheka. Tumecheka wote, midomo tumeiziba kwa mto. Tangu arudi nyumbani sikuwa nimemsikia akicheka. Kisha akanilalia begani, akaniuliza kama hivi ndivyo itakavyokuwa siku yenyewe. Nikamwambia siku yenyewe muuza mkaa asipewe kipaza sauti. Hakucheka tena, akanishika mkono.

Saa sita kasoro robo. Shemeji anapitisha vikaratasi chini ya mlango. Bado ishirini. Bado kumi na mbili. Natamani zitimie na naona aibu kutamani. Wale nje ni watu wa dhiki, muuza mkaa katoa mauzo ya wiki. Lakini niandike wazi, hakuna anayesoma: nataka kuishi. Hata kwa pesa ya mazishi yangu.

Saa sita. Karani karudi. Nilisikia sauti yake getini, akiuliza hii ni shughuli gani. Nikasikia mtu anampa pole ya kufiwa na mke.

Kisha nikasikia viatu. Karani hakimbii, sijamwona akikimbia tangu tuoane, lakini alikuwa anakimbia. Mlango ukafunguka. Hana jalada – kaliangusha huko, binti kachungulia pazia na kuona karatasi zimetapakaa uwanjani, watu wanaziokota. Akasimama ananitazama, gauni la kijani, daftari mapajani. Akaja akanishika uso kwa mikono miwili, kwa nguvu, kama anayekagua. Akasema: nilidhani ombi limekataliwa.

Nikamwambia bado liko mezani.

Hakuuliza nilijuaje. Akajifuta uso, akatoka. Shemeji yuko mlangoni anamnong'oneza: kaka, bado viti vinane tu, vinane, subiri kidogo. Karani kampita. Sasa kashika kipaza sauti, naandika anavyosema. Hana karatasi mkononi, binti ananihakikishia. Anasema mke wangu hajafa. Anasema mke wangu ana saratani. Anarudia, saratani ya titi, anakatwa Jumanne, na naogopa. Anasema mliotoa rambirambi mmetoa kimakosa, kosa ni letu, anayetaka chake apange mstari hapa mbele, nitamrudishia mwenyewe na kumwomba radhi.

Sauti imemkatika. Kipaza sauti kinalia peke yake.

Sasa viti vimeanza kukwaruza uwanja, vyote kwa pamoja. Miaka kumi na tisa nakodisha viti, na bado siwezi kujua kwa mlio tu kama watu wanapanga mstari au wanasogea karibu na mume wangu. Binti kashika pazia, ananiuliza afungue au asifungue. Nimemwambia angoje, natafuta kiatu cha pili.