Tela la Baba Yako

Kituo cha mafuta cha mwisho kabla ya mchanga
2 Juni

Kwako kifungua mimba wangu,

Salamu nyingi. Hujambo? Wajukuu zangu hawajambo? Na ule mguu wa cherehani uliokuwa unayumba, fundi amekuja au bado unaukingia kipande cha ubao? Sisi huku ni wazima, kama mtu aliyelala na mpini wa sepetu mbavuni anaweza kuitwa mzima. Baba yako hajambo kabisa. Yeye ndiye ugonjwa.

Nakuandikia nikiwa juu ya dumu la maji, maana simu hazishiki hapa wala hazitashika huko mbele. Barua hii nampa dereva wa lori la simenti anayekuja huko mjini, ni rafiki wa baba yako. Ukijibu mpe yeye au mwenzake yeyote, wataiacha kwenye kituo kinachofuata.

Unajua nilivyokubali safari hii. Baba yako ameacha lori, amenunua tela lenye kitanda na jiko, na sasa anataka tuuze nyumba tuishi barabarani. Nikamwambia twende kwanza safari moja, njia ya porini mpaka kwenye bonde la chumvi na kurudi. Nikipenda, tutauza. Nisipopenda, hapana. Basi leo ndio nimejua kwamba kabla hata hatujaondoka alikuwa ameshampa dalali funguo!

Jana tuliingia kwenye mchanga mlaini kama unga. Gari likapita, tela likazama mpaka ekseli. Wakatukuta mtu na mkewe, vijana, nao wanavuta tela lao dogo. Yule binti akatuamkia, akainama akatazama tairi zetu, akasema kwa adabu zote, "Samahani mzee, mkipunguza upepo kidogo tairi zitatanuka, hazitazama." Baba yako akavuta pumzi mpaka kifungo cha shati kikalalamika. "Binti yangu, mimi nimevuta matela ya tani thelathini kabla hujaota meno. Tairi laini ni tairi la dereva mvivu. Mwenye macho haambiwi tazama." Wakatazamana, wakapunguza upepo wao, wakapita wakitupungia mkono. Sisi tukachimba mpaka jua likazama.

Asubuhi alipokwenda kichakani nilichukua msumari nikatoa upepo tairi zote, za gari na za tela. Akarudi, akawasha, tukatoka kama hatukuwahi kukwama. "Unaona?" akaniambia. "Usiku mchanga umepoa, umekaza." Nikautia msumari mfukoni. Tumefika hapa kituoni, kakuta tairi zimelala, kawalaani watengenezaji wa siku hizi, kazijaza zote mpaka zinalia. Na mbele, mwenye kituo anasema, ni mchanga mtupu.

Watu wa dalali wakija, wasiingie chumbani kwangu.

Mama yako


Nyumbani
9 Juni

Mama,

Shikamoo. Baba naye mpe shikamoo yake, ingawa leo naitoa kwa shingo upande. Sisi tu wazima, mguu wa cherehani umepona, watoto wanauliza kama tela lina dirisha.

Umechelewa kunionya. Dalali amekuja na bwana mmoja mwenye futi. Nilikuwa barazani nampima mteja gauni, pini zimemjaa mgongoni hawezi hata kugeuka, yule bwana akamzunguka kama nguzo, akapima baraza yote, akasema, "Hii tutabomoa." Hii hii ninayoshonea! Mkewe akafungua kabati lako akalinusa. Nikamwuliza ananusa nini, akasema unyevu. Nilitamani nimnusishe pasi. Dalali anasema baba amemwahidi kwamba mwezi wa nane watu wanahamia.

Mama, sasa nataka nikuulize kitu na usinikasirikie. Wewe ni mkunga. Leba ulikuwa unawafokea waume za watu, ulikuwa unawafokea madaktari, mtaa mzima unasikia. Kwa nini ukifika nyumbani sauti unaiacha mlangoni pamoja na viatu? Mtihani huu umeutunga mwenyewe, na wewe ndiye msahihishaji. Mwambie hapana. Nyumba ikiuzwa mimi na wanangu na cherehani tutatafuta pa kukaa, sisi bado tuna nguvu. Je, wewe, siku kiuno kikigoma kupanda ile ngazi ya tela, utakwenda wapi?

Halafu kuna jambo linanikera sana. Haraka hii ya nini? Alipoacha lori alisema atalala mpaka achoke kulala. Hata godoro halijamzoea, tela limefika mlangoni.

Mwanao


Njiani, karibu na daraja bovu
21 Juni

Mwanangu,

Natumaini barua hii inakukuta mzima. Mimi nipo, nashukuru, na neno hilo leo silisemi kwa mazoea. Barua yako nimeipata kwa dereva njiani, nikaisoma, nikaikunja, nikaisoma tena. Ile ya viatu imeniuma kwa sababu ni kweli.

Nikupe habari. Njia hii wenye malori wameipa majina kila sehemu, na baba yako anayajua yote. Kuna Kona ya Mama Mkwe, ukishaipita unashusha pumzi. Kuna Mteremko wa Ahadi, kwamba kila dereva akiushuka humwahidi Mungu ataacha pombe. Kutwa nzima ananisimulia, wapi walichoma mahindi, wapi alilala chini ya lori siku mbili akisubiri springi. Ningefurahi, wallahi ningefurahi, kama asingekuwa anaendesha kana kwamba nyuma yake hakuna kitu. Kila mti wa pembeni tumeukwaruza. Kioo cha upande wangu hakipo tena. Nikimwambia "mti", anasema "nimeuona", na papo hapo tunaugonga.

Juzi, kwenye mlima, njia nyembamba, upande mmoja jabali, upande wa pili korongo, tukakutana uso kwa uso na lori limejaa magogo. Lori halirudi nyuma na mzigo ule, hata mimi najua, basi sisi ndio turudi. Nikashuka nimwongoze. Nimevaa sweta langu la njano, nimesimama mahali pa kuonekana, upande wake, napunga mikono. Akaanza kurudi. Unajua tela fupi, ukikosea kidogo linajikunja kama kisu. Likajikunja, likaja upande wangu. Napiga kelele, "Simama!" Linakuja. Nikaruka kwenye jabali nikang'ang'ania mzizi, na kona ya tela ikapita pale pale nilipokuwa nimesimama, ikasaga jiwe.

Dereva wa lori akashuka mbio, akamtoa baba yako kwenye usukani bila kumwomba, akarudisha gari mwenyewe. Mimi nilikuwa nimejiandaa kusikia makosa yangu. Kwamba sikusema kushoto kwa nani, kwamba sweta linachanganya, kwamba tela wamelitengeneza vibaya. Badala yake baba yako alikaa juu ya boksi la spana, amefunika uso kwa kofia.

Nimemwambia tunarudi nyumbani. Hakubisha. Mwanangu, baba yako hajawahi kukubali kurudi hata dukani alikosahau chenji. Hilo la kutobisha ndilo linalonitia hofu kuliko tela.

Mama yako


Nyumbani
8 Julai

Mama,

Shikamoo. Uko wapi?

Dereva wa simenti amekuja, hajawaona. Mwenzake naye hajawaona. Ulisema mnarudi, mimi nimefua mashuka yenu, na kila gari likipunguza mwendo nje nasimamisha cherehani. Nimeshona zipu ya suruali ya mtu mgongoni. Dalali nimemfungia mlango na funguo zake nimechukua, akitaka anishtaki.

Kama mnagombana, gombaneni, lakini mgombane mkiwa mahali penye dereva wa kubeba barua. Nimechoka kukasirika na watu ambao sijui kama wako hai.

Mwanao


Kituo cha pili, baada ya mchanga
15 Julai

Kifungua mimba wangu,

Tuko hai. Pole, mwanangu, pole sana. Mwenye suruali mwombe radhi kwa niaba yangu. Barua yako nimeikuta hapa, imefungwa kwa mpira pamoja na risiti za dizeli za watu. Wajukuu wabusu wote.

Hatukurudi. Asubuhi baada ya barua ile nilimwekea chai pembeni ya mkono. Akaitafuta kwa vidole. Nikamtazama. Akaipapasa meza mpaka akaigusa, akanywa, akaniambia leo jua kali. Mimi nimezalisha wanawake waliokuwa wananiambia hawana uchungu huku wameuma shuka, mimi sidanganyiki hivyo. Nikasimama mbele yake. "Nitazame pua. Kichwa usigeuze." Nikaleta kijiko kutoka pembeni, polepole. Kilikuwa karibu kugusa nyusi ndipo akasema, "Kijiko." Upande wa pili, vivyo hivyo. Baba yako anaona mbele tu, kama mtu anayechungulia kwenye bomba.

Ndipo akakiri: ni presha ya macho. Daktari wa kampuni alimwambia kabla hajaacha lori, na ndiyo sababu aliacha, hakuchoka wala nini. Kilichokwisha kupotea hakirudi, kilichobaki kinalindwa kwa dawa. Na dawa anayo! Ya matone, ameificha chini ya spana, anaweka akikumbuka.

Nilifoka mwanangu. Ile sauti unayosema naiacha mlangoni niliitoa yote. Nikamwambia ungeniua. Akasema, "Najua." Nikamwambia ungeua na wengine. "Najua." Nikamwuliza basi kwa nini, wewe mtu, kwa nini? Akasema, "Nimepita huku maisha yangu yote peke yangu. Nikirudi nyumbani nakusimulia, na wewe unaosha vyombo unasema ehe, ehe. Nilitaka uvione hivyo ninavyokusimulia. Na nikuone ukiviona, kabla sijashindwa."

Sasa hapo ukitaka kumpiga mtu unampigia wapi? Nililia kwa hasira. Nilikasirika kwamba amenificha, nilikasirika kwamba anataka kunipa kitu kizuri kwa njia ya kijinga namna ile, na nilikasirika na zile ehe, ehe zangu.

Nilipomaliza kulia nikamwambia mambo mawili. La kwanza, usukani ni wangu kuanzia leo. Gari la zahanati nililiendesha mimi pale dereva wetu alipougua, na wanawake wenye uchungu nyuma, hili lake halinitishi. Akacheka kwa kiburi, nikanyoosha mkono, akanipa funguo. La pili, nyumba haiuzwi. Mzee, nikamwambia, macho yako yakizidi kupungua, kwenye tela utajigonga kila siku mahali papya. Nyumba ile umeijenga kwa mikono yako, unajua vidato vya mlangoni ni vingapi, unajua bomba linapovuja. Unaihitaji sasa kuliko ulivyowahi kuihitaji. Alinuna. Alinuna mchanga wote, na mchanga ule ni mrefu.

Nimepunguza upepo wa tairi mbele ya macho yake. Hatujazama. Anasema ni bahati. Kurudi nyuma amenifundisha mwenyewe, akinifokea: "Shika usukani chini, mkono uende kule unakotaka tela liende! Chini nimesema! Wewe unafua?" Siku nzima, kwenye uwanda usio na kitu, mbele na nyuma, mpaka mchungaji mmoja akaacha mbuzi wake akakaa kututazama. Jioni nimelirudisha tela katikati ya vichaka viwili bila kugusa jani, baba yako akasema ilibidi nisubiri kidogo kabla ya kukata kona. Hiyo kwake ni pongezi.

Kesho tunafika kwenye bonde la chumvi. Ananiambia ni jeupe mpaka mwisho wa macho, nami nikampa chai mkononi. Baada ya hapo tunarudi. Nitafutie daktari wa macho, wa kweli, usikubali tarehe ya mbali, sema mama yako ni mkunga mstaafu na ana sauti. Matone namwekea mimi, asubuhi na jioni, anafumba jicho kama mtoto mchanga na tunagombana.

Kuhusu nyumba bado hajanijibu. Nilimwambia naandika, kama ana neno aongeze hapo chini. Amechukua kalamu sasa hivi na amenigeuzia mgongo nisione.

Mama yako

Mwanangu, salamu. Mama yako anaendesha kwa gia ya pili hata kwenye tambarare, injini inalia, mwombee. Huyo mwenye futi mwambie asirudi. Viti, meza na makabati viache pale pale vilipo, usisogeze hata kimoja.

Baba