Mgeni wa Bustani ya Boma

Tunduma, Jumatatu

Shemeji Yonasi,

Jana Bwana Shauri alinialika kupumzika kwenye bustani ya boma. Uongo wangu! Huingia yeyote, hata mbuzi. Nilijinyoosha kwenye benchi mchana kutwa, nikiwacheka wanawake wanaoogopa banyama, wale wanaosemekana kunyonya watu damu.

Akaja mgeni mwenye koti refu, akaketi karibu. “Babu, unaishi na nani?”

“Na wake saba,” nikamjibu.

Akacheka. “Roda si alikufa? Unalala peke yako.”

Shemeji, mimi sikumtajia jina la dada yako! Na leo asubuhi nyayo za viatu zimezunguka nyumba yangu mpaka dirishani. Ukinicheka, njoo ulale wewe humu.

Yule mbwa mkali uliyeniahidi msibani, mlete upesi.

Shemeji yako,
Efraimu