Kitabu cha Ng'ambo ya Songwe

Ambokile, mwenzangu wa jani moja la mgomba,

Ugonile? Najua huwezi kuniitikia, lakini sijui namna nyingine ya kuanza. Nakuandikia kwa Kiswahili cha shuleni, maana nikikuandikia kwa Kinyakyusa utaanza kunisahihisha, na leo sina subira ya kusahihishwa. Nina hasira, rafiki yangu. Nimeamka nayo, nimepalilia nayo mpunga tangu asubuhi, na bado ninayo.

Kitabu nimekipata. Si kile chenyewe, unajua kilikokwenda, bali ndugu yake, kilichopigwa chapa mahali pale pale. Wazungu wamebadilishana viti. Wajerumani wamekimbilia milimani, Waingereza wamekaa bomani, na sasa mtu anavuka mto Songwe kwenda kusalimia jamaa zake bila kuogopa kamba ya kunyongewa. Shemeji yako wa ng'ambo, yule aliyekupa cha kwanza, ndiye aliyenipa hiki. Nilikibeba ndani ya shati mpaka nyumbani ingawa hakuna tena wa kuniuliza. Mwili haujajua kwamba mambo yamebadilika.

Unakumbuka tulivyokuwa tukigombana juu ya vitabu? Wamisionari walituazima viwili viwili, kimoja changu, kimoja chako, na wewe ulitaka damu tu. Kitabu kisichoua mtu mapema ulikirudisha kabatini siku hiyo hiyo. Mimi nilipenda kile cha ufugaji wa nyuki, chenye picha za mizinga, na kile cha nahodha aliyesafiri mpaka kwenye bahari iliyoganda. Ulisema vitabu vyangu ni uji usio na chumvi. Siku nilipokubembeleza unisikilize habari za nyuki, ulijilaza chali, ukafumba macho, ukasema, "Soma pale wanapouma." Nikasoma pale wanapouma. Ukalalamika kwamba hakuna aliyekufa.

Na ile tabia yako mbaya! Ulikifungua kitabu kwa nyuma kwanza, ukasoma ukurasa wa mwisho, ukakifumba, ukacheka peke yako, ndipo ukarudi mwanzo. Kisha ulinifuata kila mahali, shambani, mtoni, mpaka zizini.

"Nikuambie mwisho?"

"Ukithubutu nakupiga."

Ulithubutu. Nikakupiga na muwa juu ya sikio, damu ikashuka shingoni, nawe ukaigusa, ukaitazama kwenye kidole na kufurahi, eti sasa na sisi tuna hadithi yetu. Tulikuwa wajinga sana, Ambokile. Damu tuliyoijua ilikuwa ya vitabuni na ya sikio lako.

Usisahau pia kwamba mimi ndiye niliyesababisha ile sheria ya kusoma kwa sauti. Kijiji chetu kilikuwa kipya wakati huo, vibanda vyetu sisi vijana wa rika moja, tulivyovijenga wenyewe mbali na nyumba za baba zetu kama walivyofanya wao zamani. Tulilala pamoja, tulilima pamoja, na chakula kilipoiva tuliitana, tukala wote kwenye jani moja la mgomba. Mtu wa kula peke yake kwetu ni mtu wa kuogopwa, anadhaniwa mchawi. Basi mimi nikakaa nyuma ya kibanda na kitabu changu cha nyuki, nasoma kimya, midomo inacheza. Niliponyanyua kichwa, wenzetu wote wamenizunguka wananitazama mdomo. Mmoja akauliza ninatafuna nini. Wewe ulicheka mpaka ukaanguka juu ya migomba michanga.

Tangu siku hiyo, chochote chenye herufi kilisomwa uwanjani, kwa sauti, watu wakiwa wamekaa kuzunguka jani. Mimi na wewe tu ndio tuliojua kusoma, lakini waliochagua ni wote. Nyuki au damu? Kila mara waliitaka damu, na wewe ukaniangalia kwa kiburi cha mtu aliyeshinda ngoma.

Kisha vita vikaja, na damu ikatoka vitabuni.

Ilianza na ng'ombe. Askari wa Wajerumani walikuja na bunduki wakachukua ng'ombe, kisha migomba yenye mikungu, kisha watu wa kubeba mizigo. Wangonde wa ng'ambo ya Songwe, tunaosemezana nao bila mkalimani, tunaooana nao, tukaambiwa ni adui. Jumbe akazunguka na amri ya boma kwamba atakayekutwa na kitu chochote cha ng'ambo ni mpelelezi. Pale Mwaya walimtundika mtu aliyevuka mto kwenda kumzika dada yake. Tuliswagwa kwenda kutazama. Alikuwa na miguu mirefu, na kamba haikukazwa vizuri, kwa hiyo alichukua muda mrefu kufa. Askari mmoja akamning'inia miguuni ili wamalize wakale. Wewe, bingwa wa vitabu vya damu, ulitapika juu ya miguu yangu.

Nikadhani kuanzia hapo utaomba nyuki. Badala yake ulikwenda Njisi, ukingoni mwa Songwe, kwa siri, na uliporudi ulikuwa na kitabu kile ndani ya nguo. Hadithi ya ndugu wawili waliogombea ng'ombe wa baba yao, imeandikwa kwa lugha ya ng'ambo ambayo ni yetu vile vile. Nilikuona ukikifungua kwa nyuma kama kawaida yako. Ulisoma ukurasa wa mwisho, ukakifumba. Hukucheka. Ningepaswa kukuuliza, lakini nilikuwa nimeshaziba masikio.

"Cha nini hiki sasa?" nilikuambia. "Damu haikutoshi?"

"Nataka kuona watu wa kitabuni wanatokaje humo," ukanijibu.

Nilikusihi ukisome kimya. Nilikusihi mbele ya wote, kwa hiyo usije ukasema nilinyamaza. Ukaniangalia kama niliyekuambia ujisaidie kwenye chakula. "Gwe Lusekelo, nifiche tonge mkononi wenzangu wakiniangalia? Wataniitaje?" Na wenzetu wakakuunga mkono, wakaguna, wakanisogezea mgongo. Basi ukasoma, siku baada ya siku, kwa sauti yako ile ya kuita ng'ombe. Ndugu walichomeana migomba. Walikatana watu mikono. Mmoja alitupa maiti kwenye kisima ili mwenzake asinywe. Hakuna aliyeguna tena kwa furaha kama zamani. Watu walisikiliza wakitazama mikono yao wenyewe.

Mchana ule ulikuwa umefika pale kaka mkubwa anaposimama mlangoni kwa mdogo wake, mkuki mkononi, na mdogo amelala ndani na mkewe. Ulisimama na mpini wa jembe badala ya mkuki. Mbalaga, ndizi zetu za kupika, zilikuwa zinachemka pembeni. Ukavuta pumzi ili uendelee, na askari wakatokea kwenye migomba, njia ile ya kwenda Itungi, pamoja na mkalimani wao. Walikuwa wanatafuta wapagazi tu. Wangetuchukua wachache na kupita. Lakini mkalimani alikuwa mtu wa kwetu, masikio yake yanasikia, na alikuwa amesimama pale kwa kitambo akisikiliza hadithi.

Akakichukua kitabu, akakigeuza, akaona kilikopigiwa chapa. Nakumbuka alivyosema, kwa upole kabisa, kama mtu anayekuombea heri, "Gwe, sema nani kakupa, twende zetu."

"Nimekiokota."

"Wapi?"

"Njiani."

"Njia ipi?"

"Niliyopita."

Wakapindua kinu, wakakulaza juu yake. Sisi wengine tuliambiwa tukae na mikono kichwani, bunduki ikituzunguka usoni mmoja baada ya mwingine. Kiboko cha kwanza kilichana shati, vilivyofuata vilikuchana wewe. Ulipiga kelele mwanzoni, kisha ukaacha, na kuacha kwako kulinitisha kuliko kelele. Mkalimani akauliza tena. Shemeji yako alikuwa na watoto, na mto ule si mpana; kila mmoja wetu alijua jina lake na kila mmoja aliangalia chini. Wewe ulisema, "Njiani," kwa mdomo uliojaa damu, maana ulikuwa umejing'ata ulimi. Waliendelea mpaka mkono wa askari ukachoka, akampa mwenzake kiboko. Nzi walikuja mapema, hata kabla hawajamaliza. Hakuna kitabu kilichowahi kutuambia habari za nzi.

Kitabu wakakitupa mekoni, chini ya chungu cha mbalaga. Kiliwaka vizuri sana, karatasi kavu. Chakula kile hatukukila.

Hawakukunyonga kwa sababu walihitaji mabega. Wakakufunga kamba shingoni pamoja na wengine, na mgongo ule, wakakutwisha sanduku la risasi. Ulipopita mbele yangu uligeuka. Meno yalikuwa mekundu. "Lusekelo," ukasema, "nikuambie mwisho?"

Nami nikakuambia, "Usiniambie. Utarudi uusome."

Nimelisema neno hilo moyoni mwangu mara nyingi tangu siku ile. Nilitaka uwe na sababu ya kurudi, basi.

Aliyerudi ni Andulile, mtu wa Njisi mliyefungwa naye kamba moja. Vidole vya mguu mmoja vimekatika, na akisikia mluzi anajikunyata. Amejenga kwetu sasa. Yeye ndiye aliyenieleza jinsi mlivyopanda milima ya Ukinga kwenye mvua na baridi, na kwamba aliyeketi chini hakuulizwa, alipigwa kitako cha bunduki na kusukumwa bondeni, na mzigo wake ukagawanywa. Akasema mlipokuwa mkitua mzigo jioni uliwasimulia kitabu, kipande kwa kipande, kwa kichwa tu, na wao walikuachia nafasi karibu na moto kwa ajili hiyo. Ulipofika mlangoni, kwenye mkuki, ukakataa kuendelea. Kila jioni wakakuomba, nawe kila jioni ukasema kesho.

Kisha ukatua sanduku lako mchana, bila ruhusa, ili umwinue mtu aliyeanguka. Ilikuwa hivyo tu. Askari akakupiga kitako cha bunduki juu ya sikio. Andulile anasema mfupa ulisikika. Walikuburuta mpaka mahali pa kulala, na hapo, kichwa kimevimba, ukawaambia wakae vizuri, unamaliza. Ukawaambia kwamba kaka mkubwa alisimama mlangoni kwa muda mrefu, kisha akauegemeza mkuki ukutani, akabisha hodi, akasema, "Ndugu yangu, amka tule." Mdogo akatoka, wakakaa kwenye jani moja, wakala. Asubuhi hukuamka. Walikuacha pale pale, wakapewa sanduku lako.

Mimi niliposikia mwisho huo nilijua kuna kitu. Wewe, uliyedharau nyuki kwa kuwa hawakuua? Na mwandishi gani wa kitabu anajua habari za kula kwenye jani moja? Ndiyo maana nilivuka Songwe. Na nilipokipata kitabu nilifanya jambo litakalokuchekesha. Nilikaa chini ukingoni nikakifungua kwa nyuma.

Ulijua. Ulijua tangu siku ile ambayo hukucheka. Kaka anasukuma mlango na kumchoma mdogo wake usingizini, tumboni, mpaka mkuki unaingia kwenye mkeka. Mke anapoamka anamkata. Anaichoma nyumba, kisha anakaa nje akiota moto mpaka kunapambazuka. Imekwisha. Hakuna mstari mmoja zaidi. Niliupiga ngumi ukurasa ule kama mtu.

Mama yako alisikia kwamba ninacho. Amekonda, lakini sauti ni ile ile. "Lusekelo," aliniambia, "nisomee kitabu kilichomla mwanangu. Nataka kujua kina utamu gani."

Ningemkataliaje? Nikasoma uwanjani, kwa sauti, kwa wenzetu waliobaki, naye amekaa mbele kabisa, amenyoosha miguu. Hakulia popote, hata kwenye kisima. Jana tukafika mlangoni. Nilitazama ukurasa, na mkuki ulikuwepo pale, kila herufi ikionekana wazi. Nikaona na mgongo wako juu ya kinu. Nikasoma, "Ndugu yangu, amka tule." Andulile peke yake ndiye aliyeinamisha kichwa.

Mama yako alikunja miguu. Kisha akasogea, akasema, "Nionyeshe palipoandikwa hivyo."

"Hapa, juba," nikamwambia, kama tunavyowaita mama zetu.

"Wapi? Nishike mkono."

Nikakishika kidole chake, kigumu kwa jembe, nikakiweka juu ya mstari. Chini ya kidole kile kaka alikuwa anamchoma mdogo wake. Mama yako akakipitisha kidole taratibu kutoka mwanzo wa mstari mpaka mwisho, na kurudi, na tena.

"Ndaga, mwanangu," akasema, akinishukuru. "Kumbe walikula."

Kitabu sikukichoma. Kipo kibandani, pembeni ya kile cha nyuki. Mama yako ameomba nimsomee tena mavuno yakiisha, nami nitamsomea, na nitausoma mwisho wako kila mara, mpaka hakuna atakayejua kwamba kulikuwa na mwingine. Bado nina hasira nawe kwa kutokukaa kimya. Bado nakupenda kwa hilo hilo.

Lala sasa, Ambokile. Chakula kikiiva tutakuita.

Mimi, mwenzako wa jani moja,
Lusekelo