Mashine Iliyokosa Moto

Kaka Artiom,

Natumai ulifika Bucharest salama. Huku hatujambo. Mto umeshuka, na jana baba alikunywa supu ya samaki mpaka akaomba tena.

Mashine ya mashua nimeitengeneza. Siku ile ulipotangulia Tulcea na baba kwa meli ya abiria, tukagawane nyumba mbele ya wakili, ulisema nitoe nyavu kwanza kisha niwafuate. Ikakataa kuwaka. Nilichomoa plagi, nikaigusisha kwenye chuma, nikavuta kamba: hakuna cheche. Nikaweka plagi mpya, nikaazima koili kwa jirani Nichifor, wapi! Baba akadhani nimesusa, ndiyo maana akasaini nyumba yote iwe yako.

Jana nililifungua gurudumu la mashine, nikazifikia platini, vile vyuma viwili vidogo vinavyogusana na kuachana ili cheche itoke. Zilikuwa zimepakwa nta ya mshumaa wetu wa Pasaka. Umeme ungepita wapi?

"Kaka yako si aliifungua alfajiri ile ya safari ya Tulcea?" Nichifor, aliyekuja kutazama, akashangaa. "Nilimwona. Nikasema, afadhali leo anamsaidia dada yake."

Nilizisafisha kwa kitambaa chenye petroli, ikawaka kwa mvuto mmoja. Baba aliposikia mlio akatoka nje akicheka. "Lo, kumbe ilikuwa mbovu kweli! Ungemwita Artiom, mwanangu, angeiwasha mara moja."

Sijui nianzie wapi kumwambia. Njoo umwambie wewe, kwa mdomo wako, nami nikiwa nimekaa hapo hapo.

Dada yako,
Fevronia